Nani akutafsirie mbele ya musawo (daktari au muuguzi): mwanao, mumeo, jirani, muuguzi au sauti ya simu?

Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa akiamka kila usiku saa nane kumeza dawa. Chumba chao ni kimoja, ukuta ni wa udongo, na jirani amelala upande wa pili wa ukuta huo huo. Anawasha tochi ya simu, anamimina maji kwenye kikombe cha plastiki, anameza kidonge, anazima, anarudi kulala. Alifanya hivyo karibu miezi miwili bila kukosa hata siku moja.

Sista hakumwelekeza hivyo. Alimwambia ameze jioni, kwenye ile saa ambayo kwa Kiingereza huhesabiwa kuwa ya nane, na kwetu ni saa mbili usiku. Aliyetafsiri ni binti wa mama huyo, wa miaka 11, mwenye Kiingereza kizuri cha shule. Mtoto akalichukua neno kama lilivyo, akasema "saa nane usiku", na mama akatii.

Kwa upande wa tiba hapakuharibika kitu kikubwa, maana kidonge kimoja kila baada ya saa 24 ni kile kile. Palipoharibika ni pengine. Mtu anayeamka usiku wa manane kumeza dawa huzua maswali. Jirani akajiuliza ni dawa gani hiyo isiyoweza kungoja kukuche, akamuuliza shoga yake, na mwezi haujaisha mama yule alikuwa akitazamwa bombani kwa macho mengine. Na yule binti, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka kuujua ugonjwa wa mama yake, alikuwa ameshaujua tangu siku ya kwanza.

Mimi hufanya ukalimani katika vituo vya afya vya kusini magharibi mwa Uganda, hasa wilaya ya Isingiro, kati ya Kiswahili, Kiingereza na Kinyankole. Wenzangu tuliotoka Kongo huniuliza mara kwa mara: ni afadhali niende na nani? Jibu langu siku zote ni swali: unakwenda kuzungumza nini siku hiyo? Mtu anayefaa kwa malaria anaweza kuwa mtu wa mwisho kumpeleka kwenye kipimo cha VVU. Kwa hiyo nitawalinganisha wale ambao kwa kawaida tunao karibu, kisha niseme ningemchagua nani kwa shida gani.

Tunapima kwa kipimo kipi

Wanaosomea uuguzi na ustawi wa jamii hufundishwa misingi minne ya maadili ambayo Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, waliipanga mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kuwatendea haki wote. Pamoja na hiyo iko siri ya mgonjwa, ambayo matabibu waliiapia karne nyingi kabla yao. Kwa mgonjwa anayeelewa lugha ya musawo, mambo haya yako baina ya watu wawili. Kwa asiyeielewa, yote hupita kwanza mdomoni mwa mtu wa tatu. Hawezi kukubali kwa hiari upasuaji ambao mkalimani ameufupisha kuwa "wanataka kukusaidia, weka kidole hapa". Hawezi kukataa dawa ambayo hakuelezwa madhara yake.

Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 28, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya mahakama. Mimi naona mgonjwa anayepasuliwa anastahili si pungufu ya mtu anayeshtakiwa. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya ya mwaka 2009 inasema mgonjwa aelezwe ugonjwa na tiba yake kwa namna atakayoielewa, na kwamba mambo yake yatunzwe kwa siri. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inaweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la habari zinazolindwa zaidi ya nyingine.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Katika chumba cha daktari, hali ni hii. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Wakongomani ni kundi kubwa miongoni mwao. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, Kiswahili kinasikika kila kona. Lakini muuguzi aliyepangiwa kazi huko pengine amekulia Mbarara au Masaka. Anajua Kinyankole au Kiganda, na Kiingereza cha chuo. Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni. Hao watoto wanaojifunza leo watakuwa wauguzi baadaye. Sisi tunaumwa leo. Tena wako wazee Waganda ambao Kiswahili kinawakumbusha amri za askari wa zamani, na ukiwasalimu nacho unaona mabega yanapanda. Ukikutana na muuguzi wa namna hiyo, usidhani anakuchukia.

Mtoto wako

Ndiye anayechaguliwa zaidi, kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Yuko nyumbani, hana nauli ya kulipwa, anakupenda, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha watu wazima wote wa nyumba hiyo. Kwa kuuliza chumba cha maabara kiko wapi, au kadi imeisha tununue wapi daftari jipya, mtoto anatosha kabisa.

Ndani ya chumba cha daktari mambo yanageuka. Kwanza ni lugha yenyewe. Mtoto anajua maneno ya shule, hajui maneno ya mwili. Wengi hawajawahi kusikia Kiswahili cha heshima cha sehemu za siri, na hata wakikijua wanaona aibu kukitamka mbele ya mama. Nimemsikia kijana wa miaka 13 akiulizwa na daktari kama mama yake anatokwa na uchafu ukeni. Alinyamaza, akatazama chini, kisha akamuuliza mama: "Daktari anauliza kama uko sawa." Mama akasema yuko sawa. Kijana akamjibu daktari kwa Kiingereza kwamba hapana, hatokwi. Hakuna aliyedanganya pale. Aibu ndiyo iliyotafsiri.

Pili ni saa, kama ilivyomkuta yule mama. Sisi na Waganda tunahesabu saa kuanzia macheo. Kiingereza kinahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nne ya asubuhi kwetu ni ya kumi kwao. Nimepokea watu waliofika kliniki saa kumi jioni, mlango umefungwa, na daftari lao limeandikwa kumi. Mtu mzima aliyezoea atageuza saa bila kufikiri. Mtoto hutafsiri namba.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mtoto hubeba. Ukimpa mtoto kazi ya kumwambia mama yake kwamba mimba imeharibika, au kwamba uvimbe ule si wa kawaida, umemfanya yeye awe ndiye aliyemletea mama habari hiyo. Atakumbuka sauti yake mwenyewe ikisema maneno yale. Msingi wa kutodhuru haumhusu mgonjwa peke yake. Unamhusu na mtoto aliyesimama pembeni ya kitanda akiwa na sare ya shule.

Uko utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, ambao ulirekodi mazungumzo ya daktari na familia za watoto wagonjwa, kisha makosa ya tafsiri yakahesabiwa. Wastani ulikuwa makosa 31 kwa kila mazungumzo. Kwa wakalimani wa hospitali, asilimia 53 ya makosa yao yangeweza kuathiri tiba. Kwa wale waliookotwa tu, wakiwemo ndugu, ilikuwa asilimia 77. Angalia pia upande wa pili wa namba hizo: hata mkalimani wa hospitali anakosea, na nusu ya makosa yake si madogo. Nalijua hilo juu ya nafsi yangu, ndiyo maana hapa chini nitakuomba usimwamini mkalimani yeyote bila kumkagua.

Mume, mke, shemeji, mama mkwe

Ndugu mtu mzima ana uzuri ambao mgeni hana. Anajua ugonjwa ulianza lini, umekula nini, dawa gani ya mitishamba uliyopewa wiki iliyopita ambayo ungeona haya kuitaja. Ukiwa mzee, au umechoka kwa maumivu, kumbukumbu yake ni sehemu ya tiba. Na katika mila zetu habari nzito hupokelewa na familia, mgonjwa haachiwi azibebe peke yake.

Ila ndugu hutafsiri anavyotaka yeye mambo yaende. Daktari anasema ugonjwa hauponi, mwana anamwambia mzee "wanasema ukila vizuri utapona". Anafanya hivyo kwa upendo. Nami nimeshaombwa kwa machozi nifanye hivyo hivyo. Lakini mzee yule huenda alikuwa na shamba la kugawa, na deni la kulipa, na mtu wa kusamehewa kule nyumbani. Kumficha ni kumnyang'anya siku zake za mwisho. Njia ninayoiona ya haki ni kumuuliza yeye kwanza, kabla ya majibu hayajatoka: "Mzee, majibu yakija, ungependa uelezwe wewe mwenyewe au tumweleze mwanao?" Wapo wanaosema mwelezeni mwanangu. Huo nao ni uamuzi wake, na unaheshimiwa.

Mume katika kliniki ya wajawazito ni suala la peke yake. Vituo vingi vinawahimiza waume waje, na mwanamke aliyekuja na mumewe mara nyingi huhudumiwa mapema. Ni jambo jema. Tatizo linaanza pale mume huyo huyo anapofanywa mkalimani kwa kuwa anajua Kiingereza. Muuguzi anatakiwa amuulize mama kama nyumbani anapigwa. Swali hilo litapita mdomoni mwa nani? Anatakiwa pia azungumze naye kipimo cha VVU. Tangu mwaka 2012 Uganda huwapa wajawazito wote wenye virusi dawa za maisha bila kusubiri kinga ishuke, kwa hiyo mazungumzo hayo ni ya kumwokoa mtoto aliye tumboni, na mama anahitaji kuyasikia yote kwa masikio yake, bila kupunguziwa. Mume akae kwenye benchi, aje mara moja, atambulike, apimwe naye. Kutafsiri, hapana.

Jirani, au mtu wa kwenye foleni

Muuguzi anatoka mlangoni, anaita: nani hapa anajua Kiswahili na Kiingereza? Mkono mmoja unanyooka, na dakika mbili baadaye mtu usiyemjua anasikia habari za tumbo lako. Kwa jeraha la panga shambani au mtoto anayetapika, sawa. Kwa mengine, kataa. Unaruhusiwa kukataa.

Muuguzi au mfanyakazi wa kituo anayejua lugha zote mbili

Huyu ananivutia kuliko wengi wanavyodhani. Ameshaapa kutunza siri, anajua dawa, na akisikia jambo la hatari anatambua papo hapo. Mazungumzo yanakwenda haraka, na haraka ni sehemu ya haki: foleni ya OPD (wagonjwa wa nje) ni ndefu, na kila dakika unayoongezewa wewe inatoka kwa mama mwingine aliyekaa na mtoto mwenye homa.

Mpime Kiswahili chake lakini. Wafanyakazi wengi wanajua Kiswahili cha sokoni, kingine kimetoka Kenya, kingine jeshini. Neno "homa" peke yake linatosha kupotosha. Mkongomani akisema ana homa anamaanisha mwili unachemka na anawaza malaria. Muuguzi aliyekijua Kiswahili chake Nairobi anasikia mafua. Anaandika dawa ya mafua kwenye daftari, mgonjwa anaondoka na malaria yake. Kwa Kiganda nako "olubuto" ni tumbo na pia ni mimba, kwa hiyo msichana akisema kwa Kiganda cha kujifunza kwamba olubuto unamsumbua, anaweza kupelekwa kupimwa mimba wakati ameshika tumbo la kuhara. Nayo "tumbo inanikata" ya mama wa Bukavu si lazima iwe uchungu wa kuzaa.

Jambo lingine: mfanyakazi ana cheo juu yako. Akiharakisha, utaona vigumu kumwambia hujaelewa. Na kuna wahudumu wa usafi au walinzi wanaoitwa kutafsiri kwa kuwa tu wanajua lugha. Hao si wauguzi. Hawakufundishwa usiri, na mgonjwa hajui hivyo kwa sababu wamevaa sare.

Mkalimani wa kituo, au mtu wa VHT (timu ya afya ya kijiji)

Kama kituo chako kina mkalimani aliyefundishwa, kwa siku nyingi ndiye ningekushauri. Alama yake utaiona katika sentensi ya kwanza. Anajitambulisha, anasema atatafsiri kila kitu kitakachosemwa, hataongeza wala kupunguza, na hatakitoa nje. Kisha anazungumza kwa nafsi ya msemaji. Wewe ukisema "kichwa kinaniuma", naye anamwambia daktari "kichwa kinaniuma". Hasemi "huyu mama anadai kichwa kinamuuma". Hilo "anadai" moja linaweza kumfanya daktari asikuamini, na ukalimani mbaya umejaa vijineno vya namna hiyo.

Watu wa VHT, wale wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wako karibu zaidi. Wanajua njia ya kwenu, watafuatilia kama umemaliza dozi, na mara nyingi wanajua lugha mbili tatu. Wengi wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea, na nimeona wakitembea kwenye matope ya mvua kupeleka rufaa ya mtoto wasiyemfahamu.

Udhaifu wao ndio huo huo uzuri wao: ni wa kijiji. Anakusindikiza kliniki Jumanne, Jumapili mnakaa benchi moja kanisani. Hata asiposema neno, wewe unajua kwamba anajua. Na kwa sisi wa Kivu pana jambo gumu zaidi ambalo wafadhili hawaliulizi. Mtu wa Fizi na mtu wa Minembwe wanaweza kusikilizana vizuri sana kwa Kiswahili, lakini vita vya milimani viliwatenganisha, na kila mmoja ana wafu wake. Anayepanga wakalimani akiangalia lugha peke yake anaweza kumketisha mama aliyefanyiwa ukatili mbele ya mtu ambaye lafudhi yake inamrudisha kwenye usiku ule. Mama atasema "sina shida" na kuondoka. Kwa hiyo mgonjwa aulizwe: uko huru kuongea mbele ya huyu? Aulizwe huyo mtu akiwa nje, na kama ni mambo ya mwili, aulizwe pia kama anataka mwanamke au mwanamume. Wanaume waliofanyiwa ukatili wa kingono vitani wapo, na wengi wao hawatafungua kinywa hadi wachaguliwe mtu kwa hekima.

Simu

Mkalimani aliye mji mwingine, spika imewashwa, simu imewekwa juu ya meza kati ya daftari na kipimo cha presha. Hakuoni, hakujui, hatakutana nawe sokoni. Kwa siri, hakuna anayemshinda. Hata jina lako si lazima alisikie.

Anachokosa ni macho. Hawezi kuona kwamba ulipoulizwa kuhusu mumeo ulishika pembe ya kitenge. Hawezi kuona kwamba umetikisa kichwa kukubali ilhali uso unakataa. Mtandao unakatika, salio linaisha katikati ya sentensi, na spika ikipigwa juu sana walio nje ya mlango wanasikia. Mlango ufungwe, sauti ishushwe, simu iwe ya kituo au iliyochajiwa vizuri.

Programu za simu zinazotafsiri zenyewe nazitaja kwa kifupi. Kwa "kaa hapa", "kunywa maji mengi", "rudi Alhamisi", zinafaa. Kwa ridhaa ya upasuaji, kwa matokeo ya kipimo, kwa mtu anayelia, sizikubali. Zimejifunza Kiswahili cha vitabuni, na mama wa Uvira haongei kitabu.

Ningemchagua nani, kwa shida gani

Dharura: yeyote. Mama anavuja damu, mtoto ana degedege, tumia mtoto, tumia jirani, tumia mpita njia. Uhai kwanza. Ila hali ikitulia, yote yaliyosemwa yarudiwe na mkalimani anayefaa, kwa sababu yale ya haraka yana mashimo.

Malaria, kidonda, chanjo, kikohozi: ndugu mtu mzima au muuguzi mwenye lugha.

Kliniki ya wajawazito: muuguzi mwanamke anayejua Kiswahili, au mkalimani mwanamke.

VVU, kifua kikuu, uzazi wa mpango: hapa kuvuja kwa siri ndiko kunakoumiza watu zaidi kuliko kosa la lugha, kwa hiyo simu ya mkalimani wa mbali, au mkalimani wa kituo ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali. Sheria ya VVU ya mwaka 2014 inataka matokeo yatunzwe kwa siri, na siri hiyo inaanzia kwa anayetafsiri.

Ukatili wa kingono: kamwe asiwe mtu wa familia, kamwe asiwe jirani. Na usisubiri mkalimani wa kesho, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Piga simu hata ikiwa usiku.

Upasuaji: mkalimani aliyefundishwa, akiwa chumbani. Nimeiona fomu ile ya ridhaa mara nyingi, karatasi moja ya Kiingereza, wino wa bluu, na dole gumba la mtu asiyejua kilichoandikwa. Fomu isomwe yote kwa sauti kwa Kiswahili kabla dole halijagusa wino. Kama mgonjwa anasema ngoja nimwulize mume wangu, aachwe amwulize, isipokuwa maisha yako hatarini. Kama anasema sitaki, neno hilo litafsiriwe vile vile lilivyo, "sitaki". Mkalimani asijitie kumbembeleza.

Ugonjwa wa akili: hapa ndugu anapotosha bila kujua. Mgonjwa anaongea maneno yasiyoshikana, na kaka yake, kwa huruma au kwa aibu, anayanyoosha yakawa sentensi nzuri. Daktari anasikia mtu mzima wa akili mwenye huzuni kidogo. Mkalimani anayejua kazi atasema: "Anachosema hakishikani, nakitafsiri kilivyo." Kaka aje baadaye, asimulie historia kama ndugu. Ushuhuda wake unahitajika sana, ila kwa jina lake mwenyewe.

Ukishamchagua, mkague

Chukua dawa ya malaria iliyo ya kawaida kwetu, Coartem. Mtu mzima humeza vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, jumla 24. Siku ya kwanza dozi ya pili huja zikishapita saa 8 tangu ile ya kwanza. Kwenye bahasha ya dawa utaona imeandikwa 4x2. Mkalimani akipindua, ukaambiwa viwili mara nne, jumla ya siku inabaki ile ile na hakuna atakayegundua. Kwa hiyo kabla hujatoka, toa bahasha, hesabu vidonge kwenye kiganja mbele ya musawo, na useme kwa Kiswahili: leo nitameza hivi saa hii, na hivi saa ile, na kesho hivi. Mkalimani ageuze maneno hayo kwa Kiingereza. Musawo akitikisa kichwa kukataa, umegundua kosa kabla halijafika nyumbani. Kwa saa, onyesha kwa jua: "jua likizama", "kabla jogoo hajawika". Jua halina Kiingereza.

Ukiona mkalimani na daktari wameongea dakika tatu kisha wewe unaambiwa "anasema ni sawa", simamisha. Sema: "Samahani, naomba nielezwe yote mliyosema." Na kama humtaka uliyeletewa: "Sista, naomba mtu mwingine anitafsirie." Si lazima utoe sababu. Kama huwezi kusema hata hilo kwa lugha yao, ushike mkono wa sista na utazame mlango. Wengi wataelewa, nami nimeshatolewa nje kwa njia hiyo, na nilitoka bila kinyongo.

Yule mama aliporudi kuchukua dawa, muuguzi alimuuliza, kwa mara ya kwanza, anataka nani. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikidhani atanitaja. Alichagua simu. Nilitoka, nikakaa na binti yake kwenye benchi, tukamfanyia hesabu zake za shule. Ndani, mtu wa mbali ambaye hatamwona kamwe alimwelezea upya ile saa. Sasa anameza dawa saa mbili usiku, wakati sufuria zinagongana kila nyumba na hakuna anayesikiliza ukuta.